PRP, PRF, PRGF au bonge la kawaida: nini kiingie kwenye tundu la jino

Jino likishatoka, tundu hujaa damu, na damu hiyo ikiganda ndipo kupona kunapoanza. Ndani ya wiki ya kwanza bonge linaingiliwa na nyama changa yenye mishipa midogo ya damu. Kati ya wiki ya pili na ya nne mfupa mchanga hujitokeza kutoka kwenye kuta za tundu. Ufizi hufunga juu, na mfupa huendelea kukomaa kwa miezi. Chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazoanzisha kuganda, ndizo zinazofungua kazi hiyo: zikishaamshwa humwaga PDGF, TGF-β, VEGF na vichocheo vingine vya ukuaji vinavyoziita seli za kujenga na mishipa mipya.

Mtu mzima ana chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Wazo la kuzikusanya na kuzirudisha tunduni zikiwa nyingi kuliko hapo si gumu kulielewa. Ugumu uko kwenye maandalizi, kwa sababu damu ileile ya mgonjwa yuleyule inaweza kutoka kwenye mashine ya kuizungusha ikiwa kimiminika, jeli, utando au uchafu mwekundu usiofaa kitu, kutegemea tyubu, kasi na dakika.

Majina yaliyopo sokoni ni mengi, lakini mtu anayechagua kwa ajili ya tundu la jino anachagua kati ya vitu vinne: PRP (plazma, yaani sehemu ya maji ya damu, yenye chembe sahani nyingi), PRGF (plazma yenye vichocheo vingi vya ukuaji), familia ya PRF (fibrini, yaani nyuzi za protini za damu iliyoganda, zenye chembe sahani nyingi; aina zake kuu ni L-PRF na A-PRF+), na bonge ambalo mwili umejitengenezea wenyewe.

## Bonge la kawaida lisidharauliwe

Jino la mbele lenye mzizi mmoja, limetoka bila kukata mfupa, kuta zote za tundu ziko imara, mgonjwa ana afya njema, havuti sigara, na hakuna mpango wa kuweka kipandikizi (mzizi bandia wa jino). Hapo hakuna haja ya kumtoa damu mkononi. Kwangua mabaki ya nyama iliyovimba, osha kwa maji ya chumvi tasa, hakikisha tundu limejaa damu mpaka ukingoni, mpe shashi aing'ate kwa dakika 20 hadi 30. Litapona.

Kuna pia njia nyepesi ambazo hazihitaji mashine: sifongo ya kolajeni au ya jelatini pamoja na mshono, na dawa ya klorheksidini ya kusukutua au ya jeli, ambayo imeonyesha kupunguza tundu kavu (tundu lililopoteza bonge mapema na kuuma sana). Kila unapofikiria kutumia chembe sahani, jiulize kwanza kama hizi hazitoshi. Kulinganisha PRF na tundu lililoachwa tupu bila kukwanguliwa vizuri ni kuipa PRF ushindi wa bure.

Sababu halali za kwenda mbali zaidi ni chache. Gego la mwisho la chini lililong'olewa kwa upasuaji, ambako tundu kavu huweza kufika hata 30% wakati kwenye meno mengine ni takriban 2 hadi 5%. Tundu litakalopokea kipandikizi, kwa sababu baada ya kung'oa jino la nyuma upana wa ukingo wa taya hupungua hadi karibu nusu ndani ya miezi 12, na theluthi mbili ya upungufu huo hutokea ndani ya miezi 3 ya kwanza. Na mgonjwa ambaye kupona kwake kuna mashaka: anayetumia dawa za kuimarisha mifupa kama bisfosfoneti au denosumabu, au aliyepigwa mionzi ya taya.

## Kwa mtazamo wa haraka

| | PRP | PRGF | L-PRF | A-PRF+ |
|---|---|---|---|---|
| Dawa ya kuzuia kuganda kwenye tyubu | Ndiyo, sitrati au ACD-A | Ndiyo, sitrati | Hapana | Hapana |
| Kuzungusha (rpm ni mizunguko kwa dakika, g ni nguvu ya mzunguko) | Mara 2 kwa kawaida | Mara 1, 580 g, dakika 8 | Mara 1, 2700 rpm, dakika 12 | Mara 1, 1300 rpm, dakika 8 |
| Kinachoigandisha | Kalsiamu, pengine na thrombini (kimeng'enya cha kugandisha damu) | Kalsiamu | Hujigandisha yenyewe | Hujigandisha yenyewe |
| Seli nyeupe | Hutegemea kifaa | Zimeachwa makusudi | Nyingi | Nyingi, zimetawanyika zaidi |
| Umbo | Kimiminika au jeli laini | Jeli na utando laini | Bonge imara | Bonge laini kidogo |
| Vichocheo hutoka | Vingi mapema, ndani ya saa chache | Siku kadhaa | Siku 7 au zaidi | Siku 7 au zaidi |

Jedwali hili lina kasoro moja ambayo imeharibu kazi nyingi: namba za rpm hazina maana bila kujua ukubwa wa mashine. Tutalirudia hilo kwenye PRF.

## PRP: ya kwanza kuingia, ya kwanza kuchosha

PRP ilipata umaarufu kwenye upasuaji wa taya mwaka 1998, pale Robert Marx na wenzake walipoichanganya na mfupa wa kupandikiza kwenye taya la chini. Kinachotafutwa ni wingi: lengo linalotajwa sana ni takriban chembe sahani 1,000,000 kwa maikrolita.

Damu hutolewa kwenye tyubu au sirinji yenye dawa ya kuzuia kuganda. Mzunguko wa kwanza ni wa taratibu. Chembe nyekundu hushuka chini, plazma hubaki juu. Plazma huvutwa pamoja na safu nyembamba nyeupe iliyo katikati, ikahamishiwa kwenye tyubu nyingine. Mzunguko wa pili ni wa nguvu zaidi na hushusha chembe sahani. Plazma ya juu, isiyo na chembe nyingi, hutupwa au huwekwa kando, na kiasi kidogo kinachobaki huchanganywa polepole mpaka vijipunje vyote viyeyuke. Kisia kupata karibu 10% ya damu uliyotoa: mililita 20 za damu hukupa takriban mililita 2 za PRP.

Baada ya hapo bado ni kimiminika. Ukiimwaga tunduni hivyo itatoka na mate. Lazima uiamshe kwa kalsiamu kloridi ya 10%, na protokoli za zamani ziliongeza thrombini ya ng'ombe. Hiyo thrombini ndiyo sehemu ya kuogopa: mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yake zinazoshambulia pia kigandishi namba tano cha mgonjwa mwenyewe, ukabaki na mtu anayevuja damu. Ukilazimika kutumia thrombini, iwe ya mgonjwa mwenyewe.

Udhaifu mwingine ni wa muda. Chembe zilizoamshwa ghafla hutoa sehemu kubwa ya vichocheo vyake ndani ya saa ya kwanza, na mtandao wa fibrini uliojengwa kwa haraka ni dhaifu, haukai muda mrefu kwenye mdomo. Kwa tundu la jino, ambalo linahitaji kifuniko kinachodumu angalau wiki, huo ni upungufu mkubwa. PRP bado ina nafasi kwenye kuchanganya mfupa mwingi wa kupandikiza au kudunga kwenye tishu, ila kwa tundu la kawaida imepitwa, na ukiona kliniki inaisifia hivyo uliza wanaiamsha kwa nini na inakaa tunduni kwa namna gani.

## PRGF: ya wanaopenda vipimo

PRGF ilielezwa na Eduardo Anitua mwaka 1999. Msimamo wake unapingana na ule wa PRP: si lazima chembe ziwe nyingi kupita kiasi (hapa huwa mara mbili hadi tatu tu ya damu ya kawaida), na seli nyeupe ziachwe nje kwa sababu zinachochea uvimbe. Iwapo hoja hiyo ya seli nyeupe ni sahihi kwa mdomo, penye bakteria kila kona, ni mjadala ambao haujaisha. Watu wa L-PRF wanasema kinyume chake: seli nyeupe ni walinzi na zenyewe hutoa vichocheo.

Utaratibu ni huu. Tyubu za mililita 9 zenye sitrati huzungushwa mara moja kwa 580 g kwa dakika 8. Plazma iliyo juu hugawanywa sehemu mbili kwa kuvuta taratibu kwa pipeti: mililita 2 zilizo karibu na safu nyeupe ndizo zenye chembe nyingi, na zilizo juu yake zina chembe chache lakini fibrini ya kutosha. Usiguse safu nyeupe. Kila mililita ya plazma huongezwa mililita 0.05 ya kalsiamu kloridi ya 10%. Ile yenye chembe nyingi huganda na kujaza tundu. Ile ya juu huwekwa kwenye kibakuli cha kioo kwenye joto la 37 °C mpaka igeuke utando wa fibrini wa kufunika.

Kosa kuu la PRGF ni mkono wenye haraka. Ncha ya pipeti ikizama milimita moja zaidi, unavuta seli nyeupe na nyekundu, na kitu unachoweka tunduni si PRGF tena. Kosa la pili ni kuamsha mapema. Kalsiamu ikishaingia, saa inaanza kukimbia. Kama bado unahangaika na mzizi uliovunjika, bonge litagandia kwenye kibakuli. Uzuri wake ni kwamba kabla ya kalsiamu plazma hubaki kimiminika, hivyo unaweza kutoa damu kabla ya kung'oa na kuiamsha tundu likiwa tayari. PRF haikupi uhuru huo.

## PRF: bonge lililojengwa bila dawa

Mwaka 2001 Joseph Choukroun, nchini Ufaransa, aliondoa kila kilichoongezwa. Hakuna sitrati, hakuna kalsiamu, hakuna thrombini. Damu huingia kwenye tyubu ya kioo au ya plastiki iliyopakwa silika, inaanza kuganda hapohapo, na mashine inatenganisha tabaka huku fibrini ikijifuma taratibu. Kwa kuwa inafumwa polepole, nyuzi zake huwa ndefu na nyumbufu, na ndani yake hunaswa karibu chembe sahani zote pamoja na zaidi ya nusu ya seli nyeupe. Bonge hilo unaweza kulishika, kulikata na kulishona.

Kuna pia CGF (vichocheo vya ukuaji vilivyokolezwa), iliyotoka mwaka 2006, inayozungushwa kwa kasi zinazobadilika kati ya 2400 na 3000 rpm. Kwa daktari wa meno mwenye tundu mbele yake, ni binamu wa PRF. Usibadilishe mashine kwa ajili yake.

### Nguvu, si kasi

Kinachotenganisha damu ni nguvu ya g, na g hutegemea nusu kipenyo cha rota, sehemu ya mashine inayoshika tyubu na kuzunguka. Kanuni yake: g = 0.00001118 × r × rpm × rpm, ambapo r ni sentimita kutoka katikati ya mhimili. Kwa 2700 rpm, rota yenye r ya sentimita 8 hutoa takriban 652 g chini ya tyubu. Rota ya sentimita 11 kwa kasi ileile hutoa takriban 897 g. Kwa hiyo ukisoma "2700 kwa dakika 12" kisha ukaiingiza kwenye mashine ya maabara yenye rota kubwa, umetengeneza kitu kingine. Chembe hukandamizwa chini kabisa kwenye mpaka na damu nyekundu, na ukikata sehemu nyekundu umezitupa.

Pima r kwa rula kabla ya kununua tyubu hata moja. Pima kutoka katikati ya mhimili hadi chini ya tyubu ikiwa imelala kama inavyolala ikizunguka, halafu geuza kanuni upate rpm inayokufaa. Na uliza waliotoa protokoli walipima wapi: namba ya 400 g inayotajwa kwa L-PRF ni ya katikati ya bonge, sentimita 5 kutoka mhimili, si ya chini ya tyubu.

A-PRF ilitokana na fikra kwamba nguvu ndogo huacha seli nyingi zaidi zikiwa zimetawanyika kwenye bonge zima. Ilianza na 1500 rpm kwa dakika 14 (2014), baadaye ikawa 1300 rpm kwa dakika 8 (A-PRF+), sawa na takriban 208 g kwenye rota ya sentimita 11. Vipimo vya maabara huonyesha hutoa vichocheo vingi zaidi kwa siku nyingi zaidi. Mgonjwa je, anaiona tofauti? Kwenye tundu la jino tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti kati ya bonge lililotengenezwa vizuri na lililochelewa sekunde 60. Anayeanza na achague L-PRF: bonge lake ni gumu zaidi, linashoneka, na linasamehe makosa madogo. A-PRF+ imfae yule ambaye tayari mkono wake umezoea.

### Hatua zenyewe

Mashine iwashwe na ifunguliwe kabla ya kumchoma mgonjwa. Andika jina lake kwenye kila tyubu hata kama ni mgonjwa pekee siku hiyo. Tumia sindano ya kipepeo ya geji 21. Nyembamba zaidi huvuta polepole na kuharibu chembe. Kila tyubu ya mililita 9 au 10 ijae ndani ya sekunde 20 hivi, na ile ya kwanza iwe inazunguka ndani ya dakika 1, isizidi dakika 1 na nusu. Ukihitaji tyubu 6 au 8, usisubiri zijae zote: weka jozi ya kwanza, zungusha sekunde chache, simamisha, ongeza jozi inayofuata. Tyubu zikae zikitazamana na ziwe na uzito sawa. Ikibaki moja, ijazie maji mwenzake.

Mashine ikisimama, toa bonge kwa kibanio, likiwa na mkia mwekundu. Kata au kwangua mkia, lakini acha milimita 1 hadi 2 ya wekundu, kwa sababu seli zenye thamani zimejaa kwenye mpaka huo. Hapa ndipo wengi hupoteza walichokitafuta: wanataka utando mweupe safi wa kupendeza kwenye picha, wanakata juu mno.

Kupata utando, weka mabonge kwenye sanduku lake lenye matundu na funika kwa bamba jepesi kwa dakika 5. Utapata kipande cha takriban milimita 1 kwa unene na sentimita 3 kwa urefu. Kupata kizibo, libonyeze kwenye silinda ndogo. Usilikamue kwa shashi kavu mpaka likauke kama karatasi. Maji yanayotoka yana vichocheo na protini, yahifadhi kwa kulowanisha mfupa wa kupandikiza au kuoshea tundu. Ndani ya sanduku, tando zikibaki na unyevu, hutumika kwa saa 2 hadi 3.

Kwenye tundu, gego la chini lenye mizizi miwili humeza mabonge 2 hadi 4 bila shida. Bonge moja lililotupiwa chini ya tundu kubwa ni mapambo. Yapange, yabonyeze kidogo, kisha funika kwa utando uliokunjwa mara mbili ambao kingo zake umezisukuma milimita 2 hadi 3 chini ya ufizi pande zote. Shona kwa mshono wa msalaba juu yake. Hakuna haja ya kuvuta ufizi mpaka ukutane. Utando huvumilia kuachwa wazi na ufizi hutambaa juu yake.

### Kikiharibika, tafuta hapa

Hakuna bonge kabisa, ni kimiminika cha manjano: angalia tyubu. Yenye EDTA, kwa kawaida kifuniko cha zambarau, au sitrati, haitaganda. Plastiki isiyopakwa kitu pia huchelewesha kuganda. Tyubu yenye jeli ya kutenganisha isiingie kabisa kwenye kazi hii.

Bonge dogo, laini, linachanika: mara nyingi damu ilichelewa. Imeshaganda nusu kabla ya kutenganishwa, fibrini imetawanyika ndani ya damu nyekundu. Sababu nyingine ni mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kwake ongeza muda wa L-PRF kutoka dakika 12 hadi 18.

Bonge limeegemea upande mmoja, mpaka wake umelala mshazari: ni kawaida kwa rota yenye pembe isiyobadilika, na seli huburuzwa kwenye ukuta wa nyuma wa tyubu. Rota inayoinuka hadi mlalo hutoa tabaka zilizonyooka zaidi. Mashine inayotetemeka huharibu pia, kwa hiyo iweke kwenye meza nzito, si kwenye toroli.

Kuhusu tyubu za plastiki zenye silika, kuna wasiwasi wa kweli kwamba chembe ndogo za silika hubaki kwenye bonge. Kioo kisichoongezwa kitu ndicho salama zaidi kuchagua pale kinapopatikana kwa matumizi ya tiba.

## Ukitaka mfupa, PRF peke yake haitoshi

Hapa ushauri unaotolewa mara nyingi ni wa matumaini kuliko wa ushahidi. Kwenye maumivu ya siku za kwanza, uponaji wa ufizi na kupunguza tundu kavu kwenye magego ya mwisho ya chini, PRF ina matokeo yanayotia moyo. Kwenye kuzuia ukingo wa taya usisinyae, matokeo yanapishana. Fibrini ni laini. Haiwezi kusimamisha ukuta wa mbele wa mfupa ulio mwembamba au uliovunjika.

Kama kipandikizi kinakuja na ukuta huo ni dhaifu, changanya na mfupa wa kupandikiza. Mchanganyiko unaofanya kazi vizuri: nusu gramu ya chembechembe za mfupa, tando 2 za L-PRF zilizokatwakatwa vipande vidogo sana, na mililita 1 ya fibrini ya maji. Fibrini hiyo hutoka kwenye tyubu ya plastiki isiyopakwa, iliyozungushwa dakika 3 tu: simamisha mashine dakika ya 3, toa jozi hiyo, rudisha nyingine zimalize muda wake. Vuta kimiminika cha manjano bila kugusa wekundu, kimwage juu ya mchanganyiko, umba kwa upole. Baada ya dakika chache unashika kipande kimoja kinachoshikamana badala ya mchanga unaomwagika.

Kimiminika kinachoitwa i-PRF ni jamaa wa karibu: 700 rpm kwa dakika 3, takriban 60 g. Hubaki cha maji kwa dakika 10 hadi 15, hivyo kitoe wakati kila kitu kingine kiko tayari.

## Tundu hili, chaguo hili

Gego la mwisho la chini, mfupa umekatwa, mgonjwa anavuta sigara au ana historia ya tundu kavu: L-PRF, mabonge ya kujaza tundu lote. Kama mashine haipo, klorheksidini na mshono mzuri ni mbadala unaoheshimika.

Jino la mbele juu, kipandikizi baada ya miezi 3 au 4: ukuta ukiwa mzima na mnene, L-PRF peke yake inakubalika. Ukuta ukiwa umepotea, mfupa uliochanganywa na tando juu. PRGF inafaa pia hapa kwa kliniki iliyo na vifaa vyake na mtu mwenye subira ya pipeti.

Gego la juu, umeona tobo kwenda kwenye uwazi wa taya la juu: lisilozidi milimita 2 kwa kawaida hufunga lenyewe bonge likikaa. Kubwa kidogo kuliko hilo, kizibo cha L-PRF na tando mbili juu, mshono, na marufuku ya kupenga kamasi kwa nguvu. Tobo kubwa ni la kuvuta ufizi na kufunga kwa upasuaji. PRF haibadilishi hilo.

Mgonjwa wa bisfosfoneti au denosumabu: L-PRF au PRGF, vyote vinatumika kama nyongeza. Kinachoamua zaidi ni kung'oa kwa upole, kulainisha kingo kali za mfupa na kufunga ufizi. Asiambiwe kwamba chembe sahani zake zitazuia mfupa kufa.

Tundu lenye usaha: usifunike uchafu. Kwangua kwanza nyama yote iliyooza, osha, ona damu safi ikitoka ukutani. Ikishindikana, acha chembe sahani, tibu maambukizi.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) ikiwa chini ya 4 kwa kawaida jino hung'olewa bila kusimamisha dawa, na kipimo kiwe cha ndani ya saa 24, au saa 72 kwa mtu ambaye INR yake haiyumbi. PRF husaidia kama kizibo, ila mshono na shashi ndivyo vinavyozuia damu. Aspirini haipunguzi idadi ya chembe sahani, inazipunguzia uwezo wa kushikana, bonge hutengenezeka. Mtu mwenye chembe chini ya 50,000 kwa maikrolita hapaswi kung'olewa jino kwenye kiti cha kawaida bila ushauri wa daktari wa damu, na bonge lake lingekuwa maskini vilevile.

Mwenye mishipa isiyoonekana: jaribu mara mbili, ukikosa acha. Kuchomwa mara tano kwa ajili ya tundu ambalo lingepona na sifongo ya kolajeni si tiba.

## Mgonjwa aambiwe nini

Siku ya pili au ya tatu ataangalia kwenye kioo na kuona kitu cheupe chenye umanjano kwenye tundu. Atadhani ni usaha au mabaki ya chakula, atakichokoa kwa ulimi au kijiti, na kazi yote itatoka. Mwambie kabla hajaondoka, na ikiwezekana mwonyeshe picha: huo ni utando wake. Asisukutue kwa saa 24 za kwanza, asinyonye kwa mrija, asivute sigara kwa siku kadhaa. Maumivu yanayopungua siku hadi siku ni sawa. Maumivu yanayoanza upya siku ya tatu, makali, yakipanda sikioni na kuambatana na harufu mbaya, yanamaanisha tundu kavu limetokea hata baada ya PRF. Hapo arudi, tundu lioshwe na kuwekwa dawa ya kutuliza.